Ganzi ya Mkono Usiku: Ugonjwa Uliochelewa Kutambuliwa

  Leo tutazungumzia mikono.

Mkono wa mama hupumzika mara chache. Alfajiri unawasha jiko, unakamua ng'ombe, unamwogesha mtoto. Mchana unalima, unachuma majani chai, unafua nguo, unasuka nywele au kiondo. Jioni unakanda unga wa chapati au unasonga ugali. Ndiyo maana mkono ukianza kufa ganzi usiku, mama wengi husema, "Ni uchovu tu" au "Nimeulalia vibaya." Wengine husema ni baridi. Wengine huogopa kwamba ni kupooza, na kwa sababu ya hofu hawamwambii mtu yeyote.

Ni kweli kwamba mkono ukilaliwa hufa ganzi. Lakini ganzi inayorudi usiku baada ya usiku, katika vidole vilevile, huenda ni ugonjwa wenye jina lake na matibabu yake. Kitabibu unaitwa sindromu ya handaki la kapali. Madaktari wenyewe walichukua karibu miaka 100 kabla ya kuuelewa vizuri. Katika miaka yote hiyo wagonjwa, wengi wao wakiwa wanawake, walikuwa wakieleza dalili zilezile. Inafaa uijue historia hiyo, kwa sababu dalili walizozieleza wanawake wale ndizo zitakazomsaidia daktari wako leo kuutambua ugonjwa huu.

Handaki la kifundo ni nini?

Geuza mkono wako, kiganja kitazame juu. Bonyeza pale kiganja kinapoungana na mkono. Chini ya ngozi kuna njia nyembamba kama handaki. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo ya kifundo, ambayo iko minane na huitwa mifupa ya kapali. Paa lake ni ukanda mgumu wa nyama ya kuunganisha mifupa, unaokatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Ndani ya handaki hilo hupita kano tisa zinazokunja vidole. Pamoja nazo hupita neva moja, yaani mshipa wa fahamu, inayoitwa neva ya kati. Neva hiyo huleta hisia katika kidole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete, ile iliyo upande wa kidole cha kati. Kidole cha mwisho hakimo, kwa maana kina neva yake nyingine isiyopita katika handaki hili. Neva ya kati pia ndiyo inayoipa nguvu misuli iliyonona chini ya kidole gumba.

Handaki hili halipanuki. Kano zikivimba, au maji yakijaa mwilini, neva hubanwa kama abiria wa mwisho kuingia matatu iliyojaa. Neva iliyobanwa huanza kulalamika: kwanza ganzi, kisha maumivu, na mwishowe udhaifu.

Mgonjwa wa London

Mwaka 1854, James Paget, daktari mpasuaji wa London, aliandika habari za mtu mmoja aliyevunjika mkono karibu na kifundo. Mfupa uliunga, lakini ulijaa mfupa mwingi mpya, na mfupa huo ukaibana neva ya kati. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vikatoka vidonda visivyosikia dawa. Vidonda vilipona tu pale kifundo kilipofungwa ili neva isibanwe. Mara tu mgonjwa aliporuhusiwa kuutumia mkono wake, vidonda vikarudi.

Angalia mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza, vidole vilivyoumia ni vilevile vitatu vinavyotegemea neva ya kati. La pili, kilichomsaidia ni kukituliza kifundo. Wazo hilohilo, kama tutakavyoona, linatumika katika hospitali zetu hadi leo. Lakini madaktari wa wakati ule waliona kwamba haya ni mambo ya mtu aliyevunjika mfupa. Hawakufikiria kwamba neva inaweza kubanwa hata kama mkono haujawahi kuvunjika.

Wagonjwa 37 wa Boston

Mwaka 1880, daktari wa neva James Jackson Putnam wa Boston, Marekani, aliandika kuhusu wagonjwa 37. Wengi wao walikuwa wanawake. Walimweleza kwamba mikono yao hufa ganzi, hasa usiku au alfajiri. Baadhi yao waliamshwa na ganzi hiyo. Ili wapate nafuu walilazimika kuuning'iniza mkono nje ya kitanda, au kuukung'uta.

Mama, soma tena maneno hayo. Ni ya mwaka 1880, lakini yanaweza kusemwa leo na mwanamke wa Kericho, wa Machakos au wa Mombasa. Wanawake wale walieleza ugonjwa huu sawasawa. Putnam naye alifanya jambo jema, kwa kuwa aliwasikiliza na akayaandika waliyoyasema. Ila hakutambua kwamba kiini kiko kwenye kifundo. Mwaka 1893 daktari Mjerumani aliyeitwa Friedrich Schultze aliipa hali hiyo jina refu la Kigiriki, lenye maana ya hisia zisizo za kawaida katika ncha za mwili. Ugonjwa ukawa na jina, lakini chanzo chake bado hakikujulikana.

Wakaitazama shingo, wakaacha kifundo

Mwaka 1913, huko Paris, Pierre Marie na Charles Foix waliuchunguza mwili wa bikizee wa miaka 80 aliyekuwa amefariki. Misuli iliyo chini ya vidole gumba vyake ilikuwa imekwisha kabisa, mikono yote miwili. Walipoifuata neva ya kati, waliikuta imevimba kabla ya kuingia chini ya ule ukanda wa kifundo, na imekonda mahali ilipopita chini yake. Wakaandika kwamba kama ugonjwa ungetambuliwa mapema, huenda kuukata ukanda huo kungeiokoa misuli.

Jibu lilikuwa limepatikana, lakini wachache walilitilia maanani. Kwa miaka mingi baadaye, madaktari wengi waliamini kwamba ganzi ya mikono ya wanawake hutoka shingoni, mahali neva zinapopita juu ya ubavu wa kwanza. Wako wagonjwa waliopasuliwa karibu na shingo na kuondolewa ubavu, kumbe shida yao ilikuwa kwenye kifundo. Mwaka 1933 James Learmonth, aliyekuwa akifanya kazi katika Mayo Clinic huko Marekani, aliripoti kwamba aliukata ukanda wa kifundo ili kuiokoa neva. Hata hivyo kazi ya namna hiyo ilibaki ya nadra.

Hatimaye mwaka 1947 madaktari watatu wa Uingereza, Russell Brain, Dickson Wright na daktari wa kike Marcia Wilkinson, walichapisha katika jarida la Lancet habari za wagonjwa sita waliobanwa neva za mikono yote miwili bila kuvunjika mfupa. Wote sita walifanyiwa upasuaji wa kifundo. Makala hiyo iliunganisha mambo mawili ambayo awali yalidhaniwa kuwa magonjwa tofauti: ganzi ya usiku, na kukonda kwa misuli ya kidole gumba. Sasa ilionekana kuwa ni ugonjwa mmoja, ila moja ni hatua ya mwanzo na nyingine ni ya mwisho.

Kutoka 1854 hadi 1947 ni miaka 93. Katika muda huo ni wanawake wangapi walioambiwa kwamba wamechoka tu, au kwamba ni umri, au ni mishipa midogo ya damu? Hakuna aliyewahesabu. Lakini yule bikizee wa Paris anatukumbusha gharama ya kuchelewa, kwani misuli ikishakwisha ni vigumu kurudi.

Kipimo cha dakika moja

Baada ya vita vya pili vya dunia, George Phalen, daktari wa mifupa huko Cleveland, Marekani, aliufanya ugonjwa huu ujulikane kwa madaktari wa kawaida. Mwaka 1966 alichapisha uzoefu wake wa miaka 17 kwa mikono 654. Alionyesha kwamba hakuna haja ya mashine kubwa ili kuushuku ugonjwa huu. Kipimo chake unaweza kukijaribu ukiwa jikoni:

Weka viwiko vyote viwili juu ya meza, mikono ikisimama wima. Acha viganja vianguke mbele vyenyewe, vifundo vikunjike, bila kulazimisha. Kaa hivyo kwa sekunde 60. Ikiwa ganzi au hisia za kuchomachoma zitaanza katika kidole gumba, cha shahada au cha kati, kuna uwezekano kwamba neva inabanwa.

Mwaka 1956 daktari aliyeitwa Simpson alikuwa ameonyesha kwamba mwendo wa umeme ndani ya neva hupungua kasi pale kwenye kifundo. Kipimo hicho cha umeme kinapatikana leo katika baadhi ya hospitali kubwa. Na mwaka 1984, William Pryse-Phillips wa Kanada alirudi kwenye lile jambo la mwaka 1880. Aliwauliza wagonjwa wake wanafanya nini mkono ukiwasumbua usiku. Wengi hawakujibu kwa maneno, bali waliukung'uta mkono kama mtu anayeteremsha kipimajoto. Alama hiyo sasa imo katika vitabu vya tiba, ingawa uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba haiwezi kutegemewa peke yake. Waliyoyasema wagonjwa wa Putnam yakawa somo la madaktari, miaka 104 baadaye.

Dalili za kuangalia

Sasa jiangalie wewe mwenyewe, na umwangalie unayemtunza.

1. Ganzi au kuchomachoma kama sindano katika kidole gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete. Kidole cha mwisho huwa kizima.

2. Ganzi huja usiku au alfajiri, na hukuamsha. Mchana huja ukishika kitu kwa muda, kama simu, jembe, usukani au mtoto anayenyonya.

3. Unapata nafuu ukiukung'uta au kuuning'iniza mkono.

4. Maumivu ya kifundo au kiganja, ambayo yanaweza kupanda hadi kwenye kiwiko au bega.

5. Unaangusha vikombe na sufuria. Kufunga vifungo vya shati la mtoto, kushika sindano ya kushonea au kuchambua mchele kunakuwa kazi ngumu.

6. Misuli iliyo chini ya kidole gumba inakonda, na pale palipokuwa pamenona panabonyea. Hii ni dalili ya hatari. Usingoje tena.

Si kila ganzi ni hii

Kuna hali nyingine zinazofanana, na usizichanganye.

Kama mkono mmoja umelegea ghafla, uso umepinda upande mmoja, au mtu hawezi kuzungumza vizuri, hicho ni kiharusi. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Kama unauma upande wa kidole gumba kila unapomwinua mtoto, lakini hakuna ganzi, huenda ni kuvimba kwa kano za kidole gumba. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1895 na daktari wa Uswisi aliyeitwa Fritz de Quervain, na huwapata sana kina mama wenye watoto wachanga.

Kama ganzi iko kwenye kidole cha mwisho, yaelekea ni neva nyingine, ile inayopita kwenye kiwiko. Kama imeanzia miguuni, huenda ni kisukari. Kama unatumia dawa za kifua kikuu na umeanza kusikia ganzi mikononi na miguuni, usiache dawa, bali mwambie mhudumu wako wa kliniki, kwani kuna vitamini inayotolewa kwa shida hiyo. Na kama una baka la ngozi lisilosikia mguso, nenda ukapimwe ukoma, ambao unatibika.

Mama mjamzito

Ugonjwa wa handaki la kapali huwapata sana wajawazito, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Maji huongezeka mwilini, vifundo huvimba, na neva hubanwa. Usiogope. Kwa wengi hali hii hupungua yenyewe wiki au miezi michache baada ya kujifungua. Lakini mwambie muuguzi wa kliniki ya wajawazito. Na kama pamoja na kuvimba mikono na uso una maumivu makali ya kichwa au macho yanaona ukungu, hiyo huenda ni shinikizo la damu la mimba. Usilale nayo. Nenda hospitali mara moja.

Wengine walio katika hatari zaidi ni wenye kisukari, wenye ugonjwa wa tezi ya shingo, wenye baridi yabisi, waliowahi kuvunjika kifundo, na wanaofanya kazi ya kushika kwa nguvu tena na tena, au ya mashine zinazotetemeka.

Ufanye nini?

Kwanza, tuliza kifundo usiku. Hospitalini au kwa duka la dawa utapata bendeji ngumu inayozuia kifundo kisikunjike. Ivae usiku, kifundo kikiwa kimenyooka, kwa muda wa wiki sita hivi. Isikaze sana, maana kubana zaidi si kutibu. Hili ndilo wazo lililomsaidia mgonjwa wa mwaka 1854.

Pili, punguza kazi inayoleta ganzi. Badala ya kukamua nguo zote wewe peke yako, mwite kijana wako ashike upande wa pili. Gawa kazi, na upumzishe mkono katikati.

Tatu, usikimbilie vidonge vya maumivu. Haviondoi kubanwa kwa neva, na vingine havimfai mjamzito. Usichanje ngozi wala kukanda kifundo kwa nguvu.

Nne, ukiona wiki sita zimepita bila nafuu, au ganzi haiondoki hata mchana, au mkono umepungua nguvu, nenda hospitali. Daktari anaweza kukudunga sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe pale kifundoni. Ikishindikana, kuna upasuaji mdogo wa kuukata ule ukanda ili neva ipate nafasi. Mara nyingi hufanywa mgonjwa akiwa macho, kwa ganzi ya mkono tu, na hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Unapofika kwa daktari, usiseme tu "mkono unauma." Maumivu ya mkono ni mengi. Mwambie mambo matatu: ni vidole gani, ni saa ngapi, na ni nini kinachokupa nafuu. Akikujibu kwamba ni uchovu tu, rudia tena kwa upole: "Daktari, ni vidole hivi vitatu, huniamsha usiku, na nikikung'uta hupoa." Ndivyo walivyosema wanawake wa Boston, na walikuwa wakisema kweli.

Kumbuka: ganzi ya vidole vitatu, inayokuja usiku na kuondoka ukikung'uta mkono, inatibika ikiwahiwa. Msuli uliokwisha huenda usirudi. Leo usiku, kabla hujalala, mwulize pia mama mkwe, dada wa kazi au jirani yako kama mikono yake inamsumbua. Huenda amenyamaza muda mrefu akidhani ni uchovu.